Ruhusa ya Mlima Nang'ondo

Safina Hashimu anashona nguo nyuma ya stendi ya Kibiti, kwenye baraza moja na mimi. Mimi Zawadi ninauza vitambaa, yeye anavishona, kwa hiyo mteja akishanunua kwangu anageuza shingo tu, fundi huyo hapo. Tumekaa hivyo miaka mingi. Kama kuna mtu anayemjua Safina, ukimwondoa Mungu aliyemuumba, ni mimi, ndiyo maana nikimsema sijioni kama ninamsengenya.

Ni mwanamke mrefu, mchapakazi, mkono wake mwepesi. Kola aliyoishona Safina inasimama yenyewe hata shati likiwa kwenye kamba. Ila ana ugonjwa mmoja: anapenda kuonekana na yeye ni mtu wa kwao. Marehemu baba yake alitoka milima ya Umatumbi, akateremka delta, kule mto unapoingia baharini, kukata mikoko, akaoa hukohuko visiwani. Safina alizaliwa kwenye kibanda cha miti kilichosimama juu ya matope. Alipoletwa Kibiti kusoma, watoto wenzake walimwita mtoto wa tope. Leo ana watoto wakubwa, ana cherehani mbili, mume alishaachana naye akamsahau, lakini jina lile bado linamuuma kama alipewa jana.

Cherehani ya kwanza alinunuliwa na shangazi yake, Bi Mwantumu, dada wa baba yake. Alipoachika akarudi na mabegi na watoto, shangazi aliuza ufuta wake wote wa msimu kule mlimani, akaja Kibiti na cherehani imefungwa kwenye kanga. Hakumuuliza kosa lilikuwa la nani. Alisema tu, "Kaa ushone, mwanangu." Nilikuwepo.

Sasa, sisi tuna klabu yetu ya mbio, Kibiti Amka. Kila Jumapili tunakimbia alfajiri tukiimba, halafu tunakunywa supu tunarudisha mafuta yote tuliyoyapunguza. Mwenyekiti ni Abdulazizi, mwenye duka la mabati na saruji, mtu mzuri, anayekimbia zaidi kwa mdomo kuliko kwa miguu. Siku moja kwenye supu akatangaza kwamba klabu nyingine zinapanda milima, na sisi tumechoka kukimbia barabara ya Lindi kama mbuzi waliofunguliwa. Mtu mmoja akautaja mlima Nang'ondo, ule mkali ulioko ng'ambo ya daraja la Ndundu, ndani huko Umatumbi.

"Ule haupandwi hivihivi," Abdulazizi akasema. "Una wenyewe. Nani anawajua wenyewe?"

Safina akaweka bakuli chini. "Mlima ule ni wa kwetu."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akasema, "Wa kwenu tena? Nyie si wa mikokoni, da Safina?"

"Shangazi yangu ndiye anayeuombea," akasema, na nikaona shingo imeshamsimama. "Miye nikisema twende, tunakwenda."

Hapo ndipo alipojifunga. Shangazi yake hasemi "nikisema". Shangazi yake anaomba, halafu anasubiri aambiwe.

Kuanzia siku ile Safina akawa katibu wa safari. Mashati ya watu yakalala bila vifungo, yeye yuko kwenye simu. Akapanga kosta, akapanga wapishi, akapanga nani anabeba maji na nani magoti yake mabovu abaki chini. Akampigia shangazi, akaelezwa miiko. Juu kuna sehemu imesimama wima, mtu anapanda kwa kushika mizizi, mwenye woga asijaribu. Huko hakuna kupiga filimbi wala kuitana majina kwa kelele. Na nguo nyekundu haipandi.

Abdulazizi alikuwa ameshaagiza fulana, nyekundu pyu. Mtu mwingine angelisema jambo hilo kwenye kikao. Safina hakusema. Alizichukua usiku akazitia rangi nyeusi kwenye sufuria lake la pilau, zikatoka rangi ya maini. Mwenyekiti akanuna, lakini zikavaliwa. Mimi nilimsifu. Nilimwona shujaa, kumbe nilikuwa namwangalia mtu aliyeanza kuzoea kurekebisha kila kitu kwa mikono yake bila kumwambia yeyote.

Kosa kubwa lilikuwa tarehe. Ruhusa ya Nang'ondo inaombwa kwanza, siku inapangwa baadaye. Safina akapanga siku kwanza. Kosta imelipiwa, kundi la wasapu halilali, watu wanarushiana picha za viatu, na ruhusa yenyewe bado haijaombwa. Akatutangulia Ijumaa ili shangazi aombe jioni, sisi tufike Jumamosi asubuhi. Haya yanayofuata sikuyaona kwa macho yangu. Alinisimulia mwenyewe baadaye, kwenye baraza letu, uso ameuinamisha kwenye kitambaa.

Kuna jiwe kubwa pale mlima unapoanzia. Bi Mwantumu aliswali magharibi, akachukua ungo wa unga wa mtama, akaenda na Safina na mzee mmoja wa kijiji, mzee Sadallah, ambaye kazi yake ni kushuhudia. Akasoma Bismillahi. Halafu akachota unga, akauachia polepole kutoka kwenye ngumi, ukajijenga juu ya jiwe kama kichuguu kidogo chenye ncha.

"Mabwana," akawaambia wenyewe wa mlima wasioonekana, "miye Mwantumu, mtoto wenu. Wajukuu wanataka kupanda. Hawaji kuiba, wanakuja kutembea. Mkikubali tuonyesheni, mkikataa tuonyesheni."

Mwaka juzi aliugua, na tangu hapo mkono wake unatetemeka, kwa hiyo kichuguu chake hakikunyooka. Kilikaa kimeegemea upande. Hilo halina neno. Unga unalala pale usiku kucha. Asubuhi ukikutwa umesimama, mlima umekubali. Ukikutwa umeanguka, watu wanarudi nyumbani na kuomba tena mwezi mwingine.

Walipokuwa wanarudi shangazi akamwambia, "Mlima ukikataa, mwanangu, wenzako wale wali wapumzike, warudi zao. Si aibu."

"Sawa, shangazi," Safina akajibu. Lakini kwake ilikuwa aibu, tena kubwa. Alishaiona ile kosta inageuza, alishamsikia yule kijana wa supu.

Baada ya swala ya alfajiri alimwacha shangazi kwenye mkeka anavuta uradi, akatoka peke yake. Hakupaswa kwenda peke yake. Akaukuta unga umeanguka. Ulikuwa umepasuka katikati na kumwagika jiwe zima. Labda ni kuku, labda ni upepo, labda ni mlima wenyewe. Mimi sijui na siuhukumu mlima. Akasimama pale, na simu ikaingia ujumbe wa sauti. Abdulazizi, nyuma yake sisi wote tunaimba: "Katibu, tumeshavuka Ndundu! Tayarisha chai!"

Nami nilikuwa naimba mle ndani, sauti ya juu kabisa.

Safina akapiga magoti. Akaukusanya unga kwa viganja viwili, akaukanda pembeni, akaunyanyua ncha kwa vidole. Akapangusa jiwe kwa pindo la kanga. Akarudi akaosha mikono, akawasha moto wa chai.

Shangazi na mzee Sadallah walipokwenda kuangalia, aliwafuata. Mzee Sadallah macho yake yana mtoto wa jicho, anaona watu kama vivuli. Bi Mwantumu akainama juu ya jiwe. Kichuguu kilikuwa kimesimama wima, kimenyooka pande zote, na mkono wake yeye haujajenga kitu kilichonyooka tangu mwaka juzi. Safina aliniambia hapo ndipo alipoliona kosa lake. Alitamani shangazi apige kelele, amtukane, amchape hata kofi. Bi Mwantumu aliangalia unga, akamwangalia mtoto wa kaka yake, akaangalia unga tena.

"Umekubali," akasema.

"Alhamdulillahi," akasema mzee Sadallah.

Sisi tukafika kwa vishindo. Tukanywa chai, tukapigwa picha na fulana zetu za rangi ya maini. Safina alitutangulia mlimani bila kutungoja, na mimi nikadhani ni ukatibu unampanda kichwani. Mlima wenyewe ni mkali kweli. Kwenye ile mizizi nilimtaja kila mtu wa ukoo wangu kimoyomoyo, kwa kuwa majina hayatamkwi. Abdulazizi alifika nusu akatangaza kwamba mwenyekiti anabaki kulinda nyuma. Waliobaki tulifika. Tuliona mto unavyojipinda kwenda delta, na kule mwisho kijani cha mikoko. Nikamwambia Safina, "Tazama, kwenu kote kuwili kunaonekana." Akageuka akaangalia pengine.

Hakuna aliyeteleza. Hakuna aliyepotea wala aliyeumwa na nyoka. Tulishuka salama wote, na ningependa hadithi iishie hapo.

Chini tulikuta wali wa nazi na samaki. Wanakijiji wamekaa, sisi tumekaa, Bi Mwantumu yuko kwenye mkeka karibu na mlango wake, ungo uko pembeni. Abdulazizi akashika shavu la samaki mkono mmoja, akatoa hotuba kwa mkono mwingine. Akamshukuru bibi, akasema mwakani tutakuja tena, na kila mwaka inshallah.

"Mwakani mtamtafuta mwingine," Bi Mwantumu akasema. "Mkono wangu hauombi tena."

"Kwa nini, bibi?" Abdulazizi akauliza.

"Uzee tu."

Mwenye kuuombea mlima akishadanganya mbele ya unga, hauombei tena. Hakuna anayemfukuza, anajua mwenyewe. Mimi sikulijua hilo wakati ule. Safina alilijua tangu mtoto, na alipolisikia neno "uzee" alielewa kwamba shangazi ameamua kuondoka kimya kimya, amemfunika yeye, na kazi aliyoirithi kwa mama yake ameiacha pale kwenye jiwe.

Mzee Sadallah akajikohoza. "Kama ni uzee, basi haina shida. Damu ipo. Ungo achukue Safina."

Tulilipuka. Klabu nzima ikapiga makofi, vijana wakamwita mama mlima, wanawake wa kijiji wakapiga vigelegele. Mimi nilikipiga cha kwangu kirefu kuliko wote, na hadi leo nikikikumbuka naona haya. Kitu alichokitafuta maisha yake yote kilikuwa kinamjia mbele ya watu, mikono wazi. Bi Mwantumu alikuwa anaangalia miguu yake.

Safina akasimama. "Siwezi," akasema.

Tukadhani ni adabu. Makofi yakaongezeka.

"Siwezi!" Safari hii alipiga kelele. "Unga ulianguka. Asubuhi niliukuta umeanguka, nikaupanga miye. Kwa mikono yangu hii. Mlima haukukubali. Mmepanda bila ruhusa."

Abdulazizi akamrudisha samaki kwenye sinia. Safina alikuwa analia, lakini mabega yameshuka, kama mtu aliyetua kuni alizozibeba kutoka mbali. Alidhani amemaliza. Alidhani sasa watamgeukia yeye, watamsema, watamtoza anachotozwa mwenye kosa, na shangazi atabaki safi.

Mzee Sadallah hakumgeukia yeye. Aligeuza yale macho yake yasiyoona upande wa mkeka.

"Mwantumu," akasema taratibu. "Miye macho sina. Nilikuachia weye uone."

Bi Mwantumu akauvuta ungo karibu naye.

"Hukuona?"

Ingemtosha kusema hakuona. Ni mzee, ilikuwa alfajiri, kila mtu pale angemwamini. Nilimwona Safina anamwangalia kwa macho ya kumwomba alitaje hilo neno moja.

"Niliona," Bi Mwantumu akasema.

"Ukasema umekubali."

"Nilisema."

Mzee Sadallah akapapasa fimbo yake, akanyanyuka, akaenda zake. Hakuaga. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na wanawake wakaanza kukusanya vyombo huku chakula bado kimo. Sisi wa Kibiti tukabaki na fulana zetu, hatujui tutazame wapi. Alichokuwa amekificha mwanamke yule kwa ajili ya mtoto wa kaka yake, mtoto mwenyewe alikuwa amekianika mchana kweupe, tena kwa nia njema.

Bi Mwantumu akajifunika kanga usoni, akajaribu kusimama. Magoti yakakataa. Safina akakimbia, akapiga magoti, akamshika kiwiko. "Shangazi. Shangazi yangu, nisamehe."

"Nimekusamehe," bibi akasema kutoka ndani ya kanga. Halafu akautoa mkono wa Safina kwenye kiwiko chake, polepole, bila ukali wowote. "Ila niache kwanza, mwanangu. Zawadi, njoo weye uninyanyue."

Nikamnyanyua, nikampeleka ndani. Nilipotoka Safina alikuwa bado amepiga magoti kwenye mkeka mtupu, na watu wanampita pembeni wakienda kwenye kosta.