Mkono wa Muuguzi wa Wodi ya Moyo

Muuguzi wa wodi ya moyo husugua viganja mpaka vipate joto kabla hajamgusa mgonjwa, na kila mwanamume, kijana kwa mzee, humwita bwana harusi, kwa kuwa kazi yake ni kulala na kuhudumiwa. Mke wa mgonjwa mmoja, aliyekaa kando ya kitanda cha mumewe, alikwisha kumzoea. Kila muuguzi akipita huinua shuka na kubonyeza kinenani, pale mrija wa kupimia moyo ulipopitishwa. "Tundu la mshipa limezibwa na kizibo kidogo kuliko punje ya mchele. Ukikunja mguu, bwana harusi, kitachomoka." "Nitakunja saa ngapi, dada, na wewe unanichunga kama mke wa pili?" Mke akacheka.

Ndipo mama mkwe akaingia, na mgonjwa, kwa adabu aliyolelewa nayo, akajiinua akae. "Shikamoo, ma..." Damu iliruka hadi ukutani. Mke aliduwaa. Muuguzi alikwisha kupanda kitandani kwa goti moja, ngumi kinenani, uzito wote juu yake, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Lala. Mama, mwitikie ukiwa hapo hapo mlangoni. Dada, mwite daktari, kimbia."

Daktari alipothibitisha kwamba damu imekatika, muuguzi aliteremka taratibu. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, havifunguki. Akamnyooshea mke mkono, na mke akavikunjua kimoja kimoja.