Feni Iliyoshika Kitenge cha Mama Mkwe

Sijui nani aliniambia kwamba feni zikiwa nyingi na baridi huwa nyingi. Nadhani nilijiambia mwenyewe. Nilikuwa na kibanda cha kuchapa maandishi na kutoa fotokopi pale Mubi, kando ya barabara, na kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikizimika katikati ya kazi kwa sababu ya joto. Mteja anasoma barua yake kwenye kioo, mara giza. Nikaapa kuikomesha.

Kwa mchuuzi mmoja aliyetoka Goma na katoni ya vipuri, nilikuta feni kubwa za kuzunguka polepole, zinazopitisha hewa nyingi bila makelele, na ndogo zinazopiga mayowe bila kazi. Kwa akili yangu nikachagua kubwa. Kwa upumbavu wangu nikaongeza moja yenye taa za rangi, kwa kuwa ilinipendeza. Nikazifunga mbele, ubavuni, juu na nyuma ya sanduku la kompyuta, na zote nikazielekeza zipulize ndani. Hapa Mubi kila anayeingia kwangu anaomba hewa; hajawahi kuja mtu kuniomba nimpunguzie. Mbele nikaweka kipande cha chandarua kuzuia vumbi la malori. Ile ya nyuma, yenye taa, nikaivua hata wavu wake wa chuma ili ipumue vizuri.

Kompyuta ikazidi kuzimika. Tofauti ni kwamba sasa ilizimika kwa mapambo.

Habari mbaya haina haja ya pikipiki. Ilipanda ikapita Kashebere, ikafika Kingi, kule milimani, kwa mama mkwe wangu, kwamba kazi ya mkwe wake inakufa kila saa. Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Mama hakupoteza muda. Alishuka na gunia la viazi na nyimbo za kwaya ya wamama wa kanisa, zimeandikwa kwa mkono, akataka nizichape.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na kugusa nguo yake ni aibu ambayo watu watakusimulia mpaka uzeeni. Kwa hiyo mama aliingia, akanipa mgongo, akaketi kwenye benchi nyuma ya kompyuta. Kisha akaanza kuzungumza na kompyuta.

“Weye mashini,” alisema, “ambia huyu bwana: kama weye unakufaka na joto, mutoto yangu na ile tumbo atafanya je? Ukizimika leo mbele ya nyimbo kuisha, namurudisha Kingi. Kule kuko baridi muzuri.”

Nilitaka kujibu, lakini ningejibu nani? Niliogopa, nakiri. Nyumba bila mke wangu niliijua: sufuria moja, na mimi naongea na redio. Nikachapa kama mwizi anayesikia mbwa.

Nilikuwa kwenye wimbo wa mwisho niliposikia feni ya nyuma ikikoroma. Nikachungulia. Ncha ya kitenge alichojitanda mama mkwe mabegani ilikuwa imevutwa ndani ya sanduku, imejisokota kwenye mapanga, na taa za rangi zikiwaka juu yake kama harusini.

“Mashini,” mama akasema bila kugeuka, “unanivutia nini?”

Kugusa kitenge, siwezi. Kuzima umeme, mke anakwenda Kingi. Kumwambia mama asimame, sijui niseme nikitazama wapi. Nikapiga kelele kumwita mke wangu: “Sheri! Kuya mbio! Mashini inakula mama!”

Alitoka jikoni, nyuma ya kibanda, akitanguliwa na tumbo, akaona, akacheka mpaka akashika mlango. Alikifungua kitenge polepole, mama yake akimwamuru asicheke na yeye mwenyewe mabega yakimtikisika. Mimi niliikodolea macho ile feni. Kama imevuta kitenge, basi inavuta hewa kuingiza, sawa na wenzake wote, na hewa ya moto haina mlango wa kutokea. Nilikuwa nimefungia joto ndani na kulipepea. Nikahifadhi kazi, nikazima mwenyewe kabla haijazimika, nikageuza ya nyuma na ya juu zipulize nje. Mama hakulalamika; kwa hesabu yake, kuzimwa si kuzimika.

Nilipoiwasha tena, joto likatoka nyuma kwa adabu. Nilimaliza wimbo, nikachapisha zote, na sanduku ukiligusa lilikuwa vuguvugu tu.

Mama alipokea karatasi kupitia kwa binti yake. Akasoma, akaimba mstari mmoja chinichini, akazikunja.

“Mashini, ambia huyu bwana: mutoto yangu atazalia hapa.”

Machozi yalinitoka, na sikuyaficha. Mke wangu alinishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo halifanywi.

“Na miye nabakia naye,” mama aliendelea, “mpaka mujukuu yangu atembee.”

Nilikuwa nimemwomba Mungu mke wangu abaki. Sikukumbuka kumtajia idadi. Nikashukuru kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba wa samaki, nikatoka kwenda kutafuta godoro.