Alama Tisa za Pango la Jitu

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha Jiografia katika shule moja ya upili kule Tetu, nilikisifu kijitabu ambacho sikuwa nimekijaribu, na watu wa Sagana wakanifuata kwa barua.

Mambo yalianza na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo aliyefundisha nasi miaka miwili. Alipoondoka alituachia, mimi na mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, sanduku la mchezo aliokuwa ametufundisha wakati wa mvua. Ni mchezo wa mezani, lakini hauna ubao wala mshindi. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani, shujaa au mwizi au mganga, na kusema anachofanya. Jambo likiwa na mashaka, dadu hurushwa kuamua. Visa vyenyewe, vya mapango na majoka na wafalme waliolaaniwa, msimulizi anaweza kuvitunga au kuvitoa katika vijitabu vinavyochapishwa huko ng'ambo.

Mwenzangu alihamishwa Kerugoya, akaanzisha jarida huko. Jarida ni neno kubwa. Zilikuwa karatasi nne alizozipiga chapa na kuzidurufu kwa mashine ya shule, zenye wino uliobaki vidoleni hadi kesho yake, naye alizituma kwa watu wachache aliokuwa amewaambukiza mchezo ule. Siku moja akaniletea kijitabu kipya kuhusu pango la jitu, pamoja na maagizo: kisome, kihukumu, kipe alama juu ya kumi.

Nilikisoma nikisimamia mtihani wa kidato cha pili. Kilinishika. Kulikuwa na ukungu, wafalme saba, mlango wa jiwe usiofunguka ila kwa neno la siri, na ramani ya rangi ya kukunjua iliyofunika meza yangu yote. Msichana mmoja aliinua mkono kuomba karatasi, akachoka, akaushusha. Kengele ilipolia nilikuwa nimeshaamua. Niliandika ukurasa mzima wa sifa, nikasema ramani ile ni kazi ya mtu anayeijua ardhi, nikatoa tisa. Ile moja niliizuia ili nionekane mkali.

Wiki chache baada ya jarida kutoka nikapata barua. Mwandiko ulikuwa wa kiofisi, kila mstari umenyooka. "Mwalimu, tumesoma hukumu yako juu ya kisa cha jitu. Tumeagiza kijitabu, tumecheza mara mbili, na mara zote mbili tumekwama kwenye mlango wa kwanza. Tunaomba uje Jumamosi utuonyeshe hiyo tisa iko wapi."

Nilikwenda kwa kiburi. Nilidhani hawajui kusoma vizuri.

Walikuwa watatu, wakiningoja katika chumba cha nyuma cha hoteli karibu na njia panda. Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo, mwenye leso kichwani na sauti isiyopandishwa hata jikoni. Wa pili alikuwa dereva wa lori la mchele. Wa tatu, aliyeandika barua, alikuwa karani wa stesheni ya reli. Walinipa chai na samaki wa kukaanga, wakasubiri nimalize, kisha karani akanisogezea kijitabu.

"Sasa wewe kuwa msimulizi," akasema. "Sisi tutakaa tu tucheze."

Nikaanza kusoma utangulizi kwa sauti ile ile niliyokuwa nimeisikia kichwani wakati wa mtihani. Nilisoma juu ya ukungu. Nilisoma juu ya mfalme wa kwanza na wa pili. Kwenye mfalme wa tatu dereva aliinuka akaenda kutazama gurudumu la lori lake. Aliporudi nilikuwa kwa mfalme wa sita.

"Hawa wafalme tutawakuta ndani?" akauliza.

Nikapekua. "Hapana. Walikufa zamani."

"Ati wote?"

"Wote."

Akaketi, na nikahisi alama moja imeondoka.

Tukafika mlangoni. Wakaniambia wanautazama, wanaugonga, wanausukuma, wanaumwagia maji. Nikarudi kwenye kijitabu kutafuta neno la siri limefichwa wapi, maana niliposoma nililiona, nilikuwa na hakika. Nililipata. Lilikuwa limechongwa ukutani, chumba cha nne, upande wa ndani wa mlango.

Karani aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemwangalia abiria aliyeachwa na gari la moshi.

"Hapo ndipo tulikwama," akasema.

Nikafungua mlango kwa nguvu zangu mwenyewe. Niliwaambia umeoza. Dereva akauliza jiwe linaozaje, mama akamwambia amwache mwalimu afanye kazi. Ili kurudisha heshima yangu nikakunjua ile ramani. Dereva aliinamia mto uliopita chini ya pango, akaufuata kwa kidole kuanzia upande mmoja hadi mwingine.

"Mwalimu, hii maji inatoka wapi?"

"Hapa, bwawani."

"Na inaenda wapi?"

"Huku, kwa mlima."

"Inapanda?"

Mistari ya mwinuko ilikuwa pale, imechorwa wazi, ile ile ninayowafundisha watoto kila muhula. Mto ulikuwa unapanda mlima. Nilikuwa nimeisifu ramani hiyo kwa maandishi, na jina la somo langu lilikuwa chini ya sahihi.

Nikajikaza, tukaendelea, tukalikuta jitu. Kijitabu kilisema: jitu hushambulia mara moja wala halizungumzi. Nikaanza kuokota dadu, lakini mama mwenye hoteli aliweka kiganja juu yake.

"Ngoja kwanza. Huyu anakula nini?"

"Hawajasema, mama."

"Anaishi hapa siku zote?"

"Ndiyo. Tena mlango wa chumba ni mwembamba kuliko yeye." Hilo nilikuwa nimelitambua dakika ile ile.

"Basi aliingia akiwa mdogo, na hajawahi kutoka." Akafikiri. "Mimi niko na hoteli, najua mtu mkubwa akilala njaa anakuwaje. Hataki kupigana huyu. Mimi namwekea chakula chini, halafu narudi nyuma kidogo."

Nilitazama kijitabu, hakikuwa na msaada. Nikakifunika. Nikamwambia arushe dadu, akapata namba nzuri, na jitu likaketi likala. Kisha likasema, kwa sauti niliyoitunga papo hapo, kwamba liliajiriwa na mchawi wa pango kulinda mlango na tangu siku hiyo halijapata likizo.

Karani alishtuka kuliko wote. Aliomba kalamu. Kwa nusu saa tulikaa pale tukimsaidia kuandika malalamiko rasmi ya jitu kwa mwajiri wake, yakiwa na vifungu, na tulipofika kwa mchawi hakuna aliyechomoa upanga. Walimsomea barua. Mchawi alijitetea vibaya sana, dadu zilimkataa, na ikabidi akubali kupanua mlango. Dereva alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia.

Kabla sijaondoka walitaka kutoa alama zao. Dereva alisema mbili, kwa sababu ya mto. Karani alisema tatu. Mama alisema saba.

"Mama, hayo uliyoyapenda hayamo kitabuni," nikamwambia. "Tumeyatunga sisi."

"Najua. Lakini jitu nani aliniletea? Si huyo mwandishi?"

Nilirudi Tetu nikaandika hukumu ya pili. Nilikiri kwamba ile ya kwanza niliitoa bila kucheza, nikautaja mlango na mto, nikatoa tano. Mwenzangu aliichapa yote, na chini yake akaongeza kanuni mpya ya jarida: asihukumu kisa mtu ambaye hajakikalia mezani na wenzake. Kwa toleo lililofuata hakupata mhukumu hata mmoja.

Mimi niliendelea kwenda Sagana Jumamosi moja kila mwezi. Mwaka uliofuata mama alinipa daftari la miraba. Alikuwa ametunga kisa chake mwenyewe, akataka nikitolee alama. Nilikataa kukisoma. Nilimwambia tukicheze kwanza, tukakicheza, saa tatu nzima. Kila aliyetukuta njiani alitukaribisha, na hakuna aliyeumia.

"Sema," akaniambia alipomaliza, mikono juu ya meza.

"Mama, watu wako ni wazuri. Lakini hakuna hatari mahali popote. Nne."

Dereva alitazama sakafu. Mama akalivuta daftari, akaomba kalamu ya karani, na akaanza kufuta ukurasa wa kwanza.