Mtutu Mpya wa Baba

Harufu ya mafuta ya bunduki ilikuwa imeingia mpaka kwenye blanketi zetu. Baba alilima mahindi pale Kachibora, na alikuwa pia polisi wa akiba. Bunduki yake ilikuwa imerudi kutoka Kitale na mtutu mpya, na mtutu mpya, alitueleza, huzoezwa taratibu: piga risasi moja, pitisha kitambaa ndani, ngoja upoe, ndipo upige nyingine. Usipofanya hivyo, siku wezi wa ng'ombe wakija risasi itakwenda upande. Kwetu mlio wa bunduki ulikuwa na maana moja tu, kimbia, kwa hiyo Mama alizunguka boma kwa boma kuwaambia majirani wasishtuke. Akiwa bado huko, Kukhu, mama yake Baba, akafika kutoka Kabuchai, akajilaza chumbani na mdogo wangu Simiyu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Risasi ya kwanza ililia upande wa mto. Kimya. Ikalia ya pili. Niliingia ndani kuchota unga nikakuta kitanda kitupu na mlango wa nyuma wazi. Kukhu aliwahi kuponea mahindini wakati wa vurugu, na tangu hapo alituonya: ukijificha usiitike hata ukiitwa jina, maana wabaya nao wanajua majina. Simiyu naye alikuwa mgonjwa wa kifua, akianza kukohoa hakomi. "Atamziba mdomo," Mama alisema aliporudi. "Baba Nafula, acha hiyo kitu, mtoto atazibwa pumzi!" Baba alikuja mbio kutoka mtoni, akaita kuelekea mahindini, "Mama, ni mimi," mpaka sauti ikamkauka. Mahindi hayakutikisika.

Ndipo Mama akachukua sufuria, akakaa nje ya mlango wa nyuma na kuanza kunigombeza kwa sauti. "Nafula! Si nilikutuma uoshe hii sufuria asubuhi? Ati umesahau?" Sufuria yenyewe ilikuwa safi. Nilimkodolea macho, akanifinya. "Nilikuwa nachota maji, Mama," nikajibu, naye akazidi kunifokea, machozi yakimtiririka. Nilielewa baadaye: boma lililovamiwa halina mtu wa kugombana juu ya sufuria. Mahindi yakatikisika. Kukhu akatoka, kiganja bado kiko kwenye mdomo wa Simiyu, na macho ya mtoto yamewiva. Mama alimpokonya, Simiyu akakohoa, akakohoa tena, nami nikalia kwa furaha ya kusikia kile kikohozi. "Si ungeniambia tu, mwanangu," Kukhu alimwambia Baba. Baba hakumaliza kuuzoeza ule mtutu.

Siku hizi naishi Bungoma mjini, na Simiyu ni mwanamume mwenye ndevu. Bunduki siisikii, nasikia bodaboda kutwa nzima. Juzi mojawapo ilitoa mlio kama wa risasi mbele ya lango letu, nami nilikuwa nikimsuka binti yangu. Nilipojitambua tulikuwa sote wawili nyuma ya mlango, naye anahangaika kuondoa mkono wangu mdomoni mwake.

"Mama," alisema nilipomwachilia, "si ni pikipiki tu."