Miaka Kumi na Moja Nikiitwa Mama Katleho

Mtoto niliyevuka mipaka miwili kwenda kumwona hakunisalimia. Aliniuliza mwanangu yuko wapi.

Mimi sina mwana. Ndiyo maana nilikuwa pale.

Nianze na ukweli ulivyo. Mimi ni Mtswana, naishi Gaborone, kazi yangu ni kupima maji ya kunywa maabarani. Katika kazi yangu neno "nadhani" haliandikwi popote. Mume wangu, Pheello, ni Msotho wa Lesotho.

Kwa Wasotho, bibi harusi hupewa jina na wakwe siku anapoingia nyumbani kwao. Jina la mama wa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mtoto wa kwanza akija, analikuta jina linamsubiri.

Mama mkwe aliniita Mama Katleho.

Miaka kumi na moja ikapita. Jina lipo, Katleho hakuna.

Tulipoamua kuasili, tukapata taarifa za ndugu wawili huko Lesotho: Nthati, miaka tisa, na mdogo wake Lefa, miaka minne. Hawatenganishwi. Tukajaza fomu mwaka mzima, tukaendesha gari siku nzima, mihuri minne kwenye pasipoti. Tukampitia mama mkwe njiani. Hakuna aliyemwalika.

"Mnataka kunichagulia wajukuu mimi nikiwa jikoni?" alisema, akapanda gari na blanketi lake na beseni la maandazi.

Kwenye makao ya watoto alitupokea Puleng, afisa ustawi wa jamii. Alituambia jambo moja tu la maana: "Mna siku tatu. Nthati asipokubali, hakuna safari. Na hakubali kirahisi."

Nthati aliingia akiwa amemshika Lefa mkono. Lefa aliona maandazi, kwake kikao kikaishia hapo.

"Mama Katleho," mama mkwe akaniita, "msogelee mtoto, hang'ati."

Nthati akanitazama. "Katleho yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi kwa jibu lile analowapa majirani tangu harusi yetu: "Yuko njiani."

"Anakuja na basi?"

"Mungu anajua."

"Ni mkubwa?"

Pheello, ambaye akibanwa huropoka, akasema, "Si mkubwa sana."

"Anapiga watu?"

Pheello akamgeukia mama yake.

Nthati akamvuta Lefa, andazi likiwa mdomoni. "Sisi hatuendi. Pale kuna mwenyewe. Akifika, Lefa ndiye atakuwa anatumwa."

Wakatoka. Puleng akafunga daftari lake bila kuandika neno.

Garini nilimwambia Pheello, "Si mkubwa sana? Kabisa?"

"Nilichanganyikiwa."

"Umemzalia mtoto wa watu adui ndani ya dakika moja. Mimi miaka kumi na moja sijaweza."

Mama mkwe akacheka kule nyuma. Mimi sikucheka. Maneno hayo ya mwisho sikuyapanga, na huwa napanga kila kitu.

Siku ya pili nilimkuta Nthati uani anafua soksi za Lefa. Baridi ya Lesotho ilikuwa inanitafuna masikio. Nikachukua soksi moja, nikaanza kufua.

"Hakuna Katleho," nikasema.

"Kafa?"

"Hajawahi kuwepo."

"Bibi kasema yuko njiani."

"Bibi kasema hivyo miaka kumi na moja."

Akapiga hesabu. "Mimi nina tisa. Huyo kachelewa."

"Sana."

"Sasa wanakuitaje mama yake?"

"Ni heshima."

"Heshima ya mtu ambaye hayupo?"

Swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe siku ya harusi, kimoyomoyo, kwa sababu wakwe walikuwa wengi.

Akaipokea soksi yangu, akaikagua, akairudisha majini. "Kisigino bado."

Siku ya tatu tukakaa tena wote, mbele ya Puleng. Mama mkwe alikuja na dawa yake.

"Nimepata, mjukuu wangu. Katleho ni wewe! Jina limekusubiri miaka yote."

"Mimi ni Nthati, bibi."

"Utazoea."

"Nimeshazoea Nthati."

Pheello akaangalia viatu vyake. Mama mkwe hajawahi kushindwa mjadala mbele yangu, na nimemshuhudia akibishana na askari wa mpakani. Jina la harusi halibadilishwi, alisema; ukoo mzima ulishatangaziwa. Nthati akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Hakusogea hata inchi.

Bibi akajikung'uta blanketi. Akapumua.

"Haya. Umeshinda. Kuanzia leo huyu ni Mama Nthati."

Pheello akapiga makofi. Puleng akafungua daftari. Nikiri: macho yalinilowa, na halikuwa vumbi.

Nthati akatikisa kichwa.

"Hilo lina mtu."

"Mtu gani tena?" bibi akauliza.

"Mama Nthati ni mama yangu. Watu wote walimwita hivyo. Amekufa, lakini jina ni lake."

Nikajua tumeshindwa. Nikaanza kutafuta mkoba wangu.

Nthati akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa kwenye andazi la tatu. Akamtazama kama mtu anayepima kitenge dukani.

"La Lefa halijatumika," akasema. "Mama alikufa Lefa hajaanza kutembea. Chukua hilo."

Mama mkwe akalijaribu taratibu. "Mama Lefa."

"Abee!" akaitika Lefa.

Tulicheka hadi Puleng akakosea kuandika.

"Na wewe utaniitaje?" nikamuuliza Nthati.

"Mama Lefa, kama wengine. Mengine nitaangalia."

Huu ni mwaka wa tatu tuko Gaborone. Bado anaangalia. Juzi alikuwa na homa akaniita "mama", asubuhi akasema haihesabiki, alikuwa mgonjwa.

Wewe unayejiandaa kusafiri kumfuata mtoto, kagua nyaraka, chukua nguo za baridi, na mfunge mdomo mumeo. Halafu ujue kwamba mama wa kwanza yupo, hata akiwa kaburini. Usiende kukalia kiti chake. Subiri mtoto akuonyeshe pa kukaa.