Barua ya Daktari Aketch

Daktari Marion Aketch hatibu mtu. Mama yake kule Homa Bay mpaka leo hajalizoea jambo hilo. Majirani wakimuuliza binti yake anatibu nini, hujibu "ini", kisha hubadilisha mazungumzo haraka. Kazi ya Aketch ni kufuatilia: nani ana kirusi cha homa ya ini aina ya B, nani baadaye alipata saratani, na nani angeokolewa kama angepimwa mapema. Kwa miaka kumi na tisa, kutoka ofisi yake finyu mjini Eldoret hadi mashamba ya mahindi ya Turbo na Sugoi, amepima watu elfu sita. Hatoboi kidole cha mtu kabla hajaketi jikoni kwake na kunywa chai. Dereva wake, Wepukhulu, humtania kwamba utafiti huo umemnenepesha yeye peke yake.

Ni mtu wa kupendeka, na mkaidi ajabu. Ila mwaka jana alikosea.

Barua ya majibu, ile inayopelekewa waliokutwa na kirusi, aliiandika yeye mwenyewe. Ilisema ugonjwa huu ni wa kuambukiza. Haikusema unaambukizwa vipi. Alidhani watu wangeuliza. Huko Turbo, Waiyego, mke wa Irungu, aliisoma barua yake mbele ya mama mkwe wake, Mama Irungu, kwa sababu hakuwa na la kuficha. Wiki mbili baadaye alimpigia Aketch simu akilia. Alikuwa amefungasha nguo za watoto, anarudi kwao Nyahururu.

Aketch alifika siku hiyo hiyo. Mama Irungu alimkaribisha vizuri, akammiminia chai. Hapo ndipo Aketch alipoona kikombe cha plastiki na sahani yake, vimetengwa dirishani. Akakichukua, akahamishia chai yake humo.

"Daktari, hapana! Hiyo ni ya Waiyego!"

"Najua, Mama." Akanywa yote. "Hii kitu haipiti kwa kikombe. Inapita kwa damu, kwa mambo ya mume na mke, na mama akizaa mtoto. Hiyo nilifaa niandike kwa barua, na sikuandika. Makosa ni yangu. Nisamehe, Waiyego."

Waiyego alikuwa amesimama mlangoni na begi. Aketch aliona aibu kuliko siku yoyote ya kazi yake.

Mama Irungu akanyoosha kidole kitobolewe. "Basi nipime na mimi. Baba Irungu alikufa tumbo limefura, na hakuna mtu alitupima."

Walingoja dakika ishirini. Kipimo kikaonyesha mistari miwili: naye alikuwa na kirusi. Aketch akamweleza polepole kwamba dawa zipo, kwamba atampeleka kliniki yeye mwenyewe, lakini mama wa watu hakuwa akisikia. Alikuwa akikitazama kile kikombe cha plastiki.

"Sasa mimi nitakuwa nikikula wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Waiyego akaweka begi chini.

"Hapa, Mama. Na sisi."