Dereva wa Riyadh Aliyeliandikia Kanisa la Roho Katiba

Asubuhi mtaani Al-Suwaidi, Riyadh, dereva Zablon Amugune anaingia garini na kuketi kiti cha abiria. Usukani umeshikwa na madam, mwajiri wake, aliyepata leseni mwaka jana, 2018, wanawake waliporuhusiwa kuendesha.

"Mimi ananiachia kuegesha," anasema Zablon, 41, mzaliwa wa Vihiga, Kenya. "Hapo bado ananihitaji."

Madam akishaingia kazini, Zablon hubaki na simu yake. Yeye ni katibu wa kanisa dogo la Roho kijijini kwao, ambako washiriki huongozwa na ndoto na unabii. Walimchagua kwa sababu yuko mbali.

"Wakikasirika, hakuna wa kuja kwangu kunigombeza."

Mwanzilishi alipofariki, kiwanja cha kanisa kilibaki kwa jina lake. Wanawe wakapanda migomba hadi karibu na madhabahu. Wakili akawaeleza washiriki kwamba ili wakidai kiwanja, kanisa lisajiliwe, liwe na katiba na viongozi.

Rasimu ya kwanza ilirudishwa.

"Tuliandika kwamba mwenyekiti ni Roho Mtakatifu," anasema Zablon. "Ofisi ya usajili ikaomba nambari yake ya kitambulisho."

Wakakubaliana mwenyekiti awe binadamu, atakayeonyeshwa kwa ndoto. Wiki hiyo Nabii Hezekiah akaota amevikwa joho. Mzee Josphat naye akaota joho hilohilo, ila yeye lilimtosha vizuri zaidi. Kanisa likagawanyika, kila upande ukaimba nyimbo zake, na migomba ikazidi kusogea.

Zablon, akimsubiri madam nje ya duka la mapazia, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp: "Ndoto ipendekeze jina. Kura iamue."

"Wewe Zablon," akajibu Hezekiah, "unataka kumpigia Roho kura?"

"Hapana, Nabii. Nakupigia wewe. Au nisikupigie."

Kura zilipopigwa, alishinda Mama Serah, mpishi wa kanisa. Kina mama wote walidai wamemwota usiku mmoja.

"Mimi sikuota kitu," Serah alimwambia Zablon kwa simu. "Nililala tu."

Cheti kilitoka mwezi uliopita. Wana wa marehemu wamekubali kuondoka wakishavuna.

Mkataba wa Zablon unaisha mwakani. Anapanga kurudi nyumbani, aache ukatibu, na kila Jumapili akae kiti cha nyuma kabisa, asinzie wakati wa mahubiri.

Je, katiba inaruhusu?

"Haijakataza," anasema. "Hapo niliandika mwenyewe, kwa uangalifu."